Marjani au Chausiku

Niliijua mikono kabla sijauona uso. Dirisha langu pale ofisi ya kuandikisha vizazi lina kioo, na chini ya kioo kuna tundu la kupitishia karatasi. Ukiwa umeinama unaandika, kitu cha kwanza unachokiona kwa mtu ni vidole vyake. Hivi vilikuwa na makovu madogo madogo ya kuungua, na ukucha wa gumba la kushoto ulikuwa umepasuka katikati tangu siku alipobanwa na mlango wa friji. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa siku ile. Nilimpulizia kidonda kama mtoto, naye mtu mzima na ndevu zake akajifanya anaumwa zaidi ili niendelee kupuliza.

"Habari za kazi, dada," sauti ikasema.

"Nzuri. Karatasi ya hospitali unayo?"

"Ninayo."

Karatasi ikapita kwenye tundu. Nikaishika ncha ya upande wangu, naye hakuiachia ya upande wake. Tukabaki tumeishika wawili, hakuna anayevuta wala anayeachia, mpaka ikanibidi niinue kichwa.

"Karani," akasema taratibu.

Watu wananiita karani kutwa, ndiyo kazi yangu. Lakini wao wanaita kazi. Huyu alikuwa ananiita mimi, na ilikuwa imepita miaka saba.

"Fundi," nikamjibu. "Achia karatasi ya serikali."

Akaachia. Alitaka kucheka, kicheko kikaishia kwenye pembe ya mdomo. Alikuwa amejaa mashavu kidogo, na mvi mbili tatu zilikuwa zimeanza juu ya masikio. Macho yalikuwa yale yale, mazito, ya mtu anayekusikiliza mpaka umalize.

Nisikudanganye, msomaji wangu, ukadhani nilishtuka sana. Walipotutangazia uhamisho na kutuuliza nani anataka wapi, mimi niliutaja mji huu. Mkuu wangu aliponiuliza sababu nikamwambia ni hali ya hewa. Hali ya hewa yenyewe ya hapa ni joto na vumbi. Mwaka mmoja na miezi miwili nimepita mbele ya kila duka linalotengeneza mafriji katika mji huu, nikijidai natafuta uzi wa kushonea. Nilikuwa nimesikia amehamia huku na ameoa, lakini sikumwona hata siku moja. Na sasa amekuja mwenyewe mpaka dirishani, na karatasi ya mtoto mkononi.

Nikainama kwenye karatasi, maana huko angalau palikuwa na maandishi ya kusoma. Jinsia, kike. Uzito, kilo tatu na gramu mia mbili. Saa ya kuzaliwa, saa nane mchana. Jina la baba lipo, jina la mama lipo. Nikalisoma la mama polepole. Jina la mtoto, patupu.

"Hukuandika jina la mtoto."

"Bado hatujaamua," akasema. "Yaani tumepata mawili, tumeshindwa kupata moja. Mama yake yuko nje kwenye benchi anamnyonyesha. Aliniambia nishike foleni, tukifika mbele Mungu atatuonyesha."

"Mungu hana dirisha hapa. Ni majina gani hayo?"

Hapo ndipo alipositasita. Alitia mkono mfuko wa shati, akautoa mtupu, akautia tena. Mwisho akapitisha kijikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule. Mwandiko ulikuwa wa mwanamke, wa herufi za mviringo zilizokaa sawasawa, na kila jina limepigiwa mstari kwa rula.

Marjani.

Chausiku.

Nikakisoma, nikakigeuza nyuma kana kwamba nyuma kungekuwa na maelezo, nikakisoma tena.

Ili ujue kwa nini nilikisoma mara mbili, sharti nikurudishe sebuleni kwa mama yangu, miaka saba nyuma, wiki tano kabla ya harusi yangu na mtu huyu huyu. Tulikuwa tumejuana hospitalini. Mimi nilikuwa karani wa masjala, yeye akaja kutengeneza friji ya chanjo. Ilimchukua siku nne kutengeneza friji ya kazi ya nusu siku, na wauguzi wote walijua kwa nini. Jioni ile ya sebuleni kadi za harusi zilikuwa zimetoka kwa mpiga chapa. Mimi nilikuwa naandika majina ya waalikwa juu ya bahasha, kwa kuwa nina mwandiko, naye anazipaka gundi.

"Karani," akaniuliza, "wa kwanza akiwa wa kike tumwite nani?"

"Marjani," nikasema bila kufikiri. Nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi na miwili. Kila daftari langu la shule lilikuwa na Marjani kwenye jalada la nyuma, limeandikwa kwa kalamu za rangi.

"Zuri," akasema. "La wa pili. Wa kwanza nimemwahidi mama. Ataitwa Chausiku."

Nikacheka. "Chausiku? Mtoto wa siku hizi? Na akizaliwa mchana?"

Naye akacheka. Mwanzoni tulicheka wote. "Jina ni la mwenyewe," akasema, "si la saa."

Mwenyewe alikuwa dada yake. Mama yao, kabla hajapona, aliugua miaka mingi, hatoki kitandani, na Chausiku aliacha shule darasa la sita akawa ndiye mama wa nyumba. Alimwogesha mdogo wake, akampikia, akamshika mkono akampeleka shuleni alikoachia yeye. Akafa na miaka ishirini, kabla mdogo wake hajapata kazi, hajawahi kumnunulia hata jozi ya kandambili. Fundi alinisimulia habari hiyo mara mbili, na mara ya pili alilia. Kwa hiyo nilijua. Wengine huweza kusema hawakujua. Mimi nilijua.

Laiti tungeachwa wawili, pengine tungekicheka kile kicheko mpaka kiishe, tukaendelea na bahasha zetu. Lakini mama mdogo alikuwa jikoni, na masikio ya mama mdogo hayana mlango.

"Usikubali, mwanangu!" akapaza sauti. "Ukikubali la jina, kesho watakuchagulia na pazia!"

Hasira zikanipanda. Nikaweka kalamu chini. "Basi chagua," nikamwambia Fundi. "Mimi au jina."

"Haya si mambo ya kuchagua, Karani. Mtoto mwenyewe hata hayupo."

"Akiwepo itakuwaje? Si ndiyo mtaniendesha, wewe na mama yako?"

"Ni jina la dada yangu tu. Nakuomba."

Alisema nakuomba. Naapa alilisema. Nami, kwa kuwa jikoni walikuwa wanasikiliza, kwa kuwa nilitaka kushinda, nikamjibu, "Mimi simwiti mwanangu jina la maiti."

Jikoni vijiko vikaacha kugongana. Fundi akafunga kifuniko cha chupa ya gundi, akakikaza vizuri, akaiweka katikati ya meza.

"Rudia," akasema.

Angalia, alinipa nafasi. Mtu anayetaka kwenda zake hamwambii mtu rudia. Ningesema samahani, ulimi uliteleza, tungeyamaliza pale pale.

"Umesikia," nikasema.

Akasimama. Akaingia jikoni akawaaga mama na mama mdogo kwa heshima zote, akatoka. Mama mdogo akasema atarudi tu, mwanamume akisusa nawe msusie. Nikasusa. Kumbe naye kwao anaambiwa kwamba mke anayemtukana aliyekufa hatashindwa kumtukana aliye hai. Nikangoja aje, akangoja niende. Wiki ya tatu wazee wa pande mbili wakakutana, wakazungumza kwa adabu sana, wakaivunja harusi. Kadi zikawa za kuwashia moto. Tulikuwa tumeachana kwa ajili ya mtoto ambaye hata mimba yake haikuwapo. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sikupata, mjukuu nikamkuta amekaa mlangoni.

Sasa kile kijikaratasi kilikuwa mbele yangu, na nyuma ya Fundi foleni ilikuwa imefika ngazini.

"Chausiku naelewa," nikasema kwa sauti ya chini. "Marjani limefikaje kwenye mwandiko wa mkeo?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Mimi ndiye niliyemtajia."

"Ukamwambia umelitoa wapi?"

"Nimelisikia redioni."

"Mwongo."

"Mwongo kweli," akakubali.

Mezani nyuma yangu Mzee wa Mihuri, mwenzangu mwenye miaka mingi serikalini, alikuwa anagonga mihuri yake. Huyo akigonga mhuri hasikii la mtu. Nilimshukuru Mungu kwa kelele zile.

"Na mama yako?" nikauliza. "Bado anangojea Chausiku wake?"

"Mama aliacha kuomba. Tangu mwaka ule hajasema tena mtoto apewe jina hilo. Aliona limegharimu nini."

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Karani, nisikilize, hatuna muda," akasema, na uso wake ukakaribia kioo. "Nataka uandike Marjani. Nimelifikiria tangu mke wangu aliponiambia ana mimba. Siku ile ningekubali tu, yangekwisha. Jina! Nilikuacha kwa ajili ya jina."

"Hukuniacha kwa ajili ya jina. Uliniacha kwa ajili ya neno."

Gumba lake lenye ukucha uliopasuka lilikuwa linasugua ukingo wa tundu.

"Lile nimeshalisahau," akasema.

"Hujalisahau."

"Sijalisahau," akasema. "Lakini sikuja na hilo. Niandikie Marjani. Nikimwita nitajua kwamba nilikupa kitu. Angalau hicho."

Lo! Nilitamani. Wewe unayesoma unaweza kunihukumu, lakini hukuwa kwenye kiti changu. Daftari kubwa la vizazi lilikuwa wazi mbele yangu, namba imeshaandikwa, tarehe imeshaandikwa, na nafasi ya jina ni nyeupe. Kalamu iko mkononi. Nilimwona mtoto wa kike ana mkoba mgongoni anakwenda shule, anaulizwa jina lake, anajibu Marjani. Nilimsikia Fundi anamwita kutoka uani jioni, kila jioni, miaka yote, ana kitu changu mdomoni mwake ndani ya nyumba isiyo yangu.

"Mkeo analitaka?" nikauliza.

"Anayapenda yote mawili."

"Sikuulizi kama anayapenda. Nauliza analitaka lipi."

Kabla hajanijibu, akaitwa.

"Baba Nani! Mbona umekwama?"

Sauti ilitoka mlangoni, ya mtu aliyezoea kuita darasa zima. Watu wa kwenye foleni wakacheka, naye akacheka nao huku anawapita kwa samahani, samahani jamani, na kifurushi cheupe begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso wazi, na chaki kidogo imebaki kwenye pindo la mkono wa gauni. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Aliponitazama na kutabasamu nikaona kazi hiyo itanishinda.

"Habari, dada. Utusamehe," akaniambia. "Mtaani wananiita Mama Nani, na huyu Baba Nani, kwa sababu ya uzito wetu wa kuamua. Wiki sita sasa. Hata kadi ya kliniki imeandikwa 'mtoto' tu."

"Si nyie wa kwanza," nikasema.

"Mwone basi mwenyewe." Akakishusha kifurushi begani akakileta karibu na kioo, akafunua shuka.

Alikuwa amelala, na tone la maziwa lilikuwa limebaki kando ya mdomo. Pua ya baba yake. Paji la uso la baba yake. Nikasogeza kidole mpaka kwenye kioo, nikakirudisha haraka.

"Mzuri," nikasema. "Mungu amkuze."

"Amina. Wewe una wangapi?"

Fundi akageuka akatazama feni ya darini.

"Wengi," nikasema, nikaonyesha kabati lenye madaftari yaliyopangwa mpaka juu. "Wote hao wangu. Hakuna anayeniamkia."

Akacheka mpaka mtoto akatikisika, akampapasa mgongo. Kisha akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa dirisha, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi, akashusha sauti.

"Dada, nisaidie. Wewe unaandika majina kutwa, umeona yanavyokaa. Tuamulie. Angekuwa wako ungemwita nani?"

"Hapa hatuamui, mama," akasema Mzee wa Mihuri, ambaye bila shaka alichagua wakati ule kupumzika kugonga. "Hapa tunaandika."

"Mzee wangu, nyumbani kumeshindikana!" akamjibu. "Acha atuamulie mgeni asiyetujua, hana upande."

Hana upande! Nilihisi uso unaniwaka.

"Kwanza wewe mwenyewe niambie," nikasema. "Moyo wako uko wapi?"

Akamtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. "Huyu anataka Marjani. Sikatai, ni zuri, hata kuliita linapendeza. Lakini Chausiku ni wifi yangu, dada. Marehemu. Sikumkuta. Siku ya kwanza nimepelekwa kwao nikaona picha yake ukutani, nikauliza huyu nani, mama mkwe akaniambia. Nikasema hapo hapo, tukijaliwa binti tutamwita huyu. Mama alilia mpaka nikadhani nimekosea."

"Nani alikuomba useme hivyo?"

"Nani aniombe? Hata harusi haijafika. Nilisema tu."

Alisema tu. Lile ambalo mimi niliombwa kwa neno la nakuomba, nikalitemea mate, yeye alilitoa bila kuombwa, siku ya kwanza, amesimama mbele ya picha. Nikamtazama Fundi. Hilo hakuniambia. Aliniambia anayapenda yote mawili, akaishia hapo.

"Sasa tangu nijifungue," akaendelea mkewe, "mwenzangu ananiambia tusiingize huzuni ndani ya nyumba. Na mimi siwezi kumlazimisha. Dada ni wake, si wangu. Ndiyo maana nasema, utakalosema wewe nitaridhika. Ukisema Marjani, basi ni Marjani, na sitanuna hata kidogo."

Nilijua hatanuna. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingetosha nitamke neno moja, neno nililolibeba tangu utotoni, na wote wawili wangeitikia kwa kichwa. Fundi alikuwa ananitazama. Aliniomba kwa macho, kama alivyoniomba siku ile kwa mdomo, na safari hii alikuwa ananiomba nikubali kupewa nilichokitaka mwenyewe.

"Chausiku," nikasema.

"Kweli?" Uso wa mwanamke yule ukafunguka wote. "Ingawa kazaliwa saa nane mchana jua linawaka? Majirani watanicheka."

"Jina ni la mwenyewe," nikasema. "Si la saa."

Sikumtazama Fundi nilipolisema. Nilisikia tu pumzi yake. Ningekomea hapo ningekuwa na busara, lakini ulimi wangu haujawahi kujua pa kukomea, nikaongeza, "Na mtu aliyeacha shule ili amlee mwenzako mpaka akawa hivi, anastahili kuitwa kila siku ndani ya nyumba yenu."

Mkewe akainua uso. "Umejuaje kama aliacha shule?"

Mzee wa Mihuri naye, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa bado anapumzika.

"Nilimweleza mimi," akasema Fundi. "Wakati tunakusubiri."

"Ndiyo," nikasema. "Alinieleza."

"Hee! Huyu?" Mkewe akacheka. "Mimi ilimchukua mwaka mzima kunieleza. Dada, una baraka. Watu wanakufungukia."

Katika mapenzi yetu yote hatukuwahi kumdanganya mtu pamoja. Tulianza siku hiyo na tukaishia siku hiyo, na tuliyemdanganya hakustahili.

Kawaida yangu, kabla sijatia wino, nalisoma jina mara tatu kwa sauti na mzazi aitike. Wino wa lile daftari ukikauka haufutiki, kulibadilisha jina ni mpaka kiapo cha mahakama, na nimeona wengi waliojutia haraka yao. Nikaishika kalamu sawasawa.

"Chausiku."

"Ndilo," akaitika mama.

"Chausiku."

"Ndilo."

Nikageuza uso. "Chausiku," nikamwambia baba.

Alichelewa. Mkewe akamgusa kwa kiwiko. Alikuwa ananitazama, na katika macho yake nikaona kwamba ameelewa. Alikuwa ameyasikia maombi yangu ya msamaha, mara tatu, mbele ya mkewe na foleni nzima, na hakuna mwingine aliyejua.

"Ndilo," akasema.

Nikaandika. Sijawahi kuandika jina polepole vile. Kila herufi niliipa haki yake. Lilipokamilika nikaligeuza daftari walione kwenye kioo, na mwanamke yule akalisoma kwa sauti ya darasani, akambusu mtoto kichwani.

"Haya! Leo nimekuwa Mama Chausiku," akasema. "Baba Chausiku, tia sahihi twende, mama anangoja simu."

Mama Chausiku. Nililisikia jina hilo likitua mahali pake, kwa mtu wake. Lilikuwa langu kwanza. Sebuleni, kati ya bahasha, nilipewa mimi kwanza, nikaliona la kizee.

Fundi akainama kutia sahihi. Mkewe akawa amegeuka anamfunika mtoto, kwa kuwa feni ilikuwa inampuliza. Palikuwa na nafasi ya maneno machache tu, na ya kusemwa wazi, yasiyo na siri. Nikatafuta, nikayapata yale ambayo mtu yeyote mwenye adabu huyasema, na ambayo mimi sikuwahi kuyasema.

"Poleni na msiba wa dada yenu," nikasema. "Nimechelewa kuwapa pole."

"Ahsante, dada," akajibu mkewe. "Ni zamani mno, lakini ahsante."

Fundi akapitisha karatasi kwenye tundu. Safari hii aliiachia mara moja.

"Tumeshapoa, Karani," akasema.

Miaka saba nilikuwa nayangoja maneno hayo. Nilidhani siku nikiyapata nitapumua. Kumbe muda wote alipokuwa na kinyongo na mimi, nilikuwa bado na kitu changu kwake. Sasa alikuwa amenisamehe, kwa moyo mweupe kabisa, na sikuwa nimebakiwa na chochote.

"Cheti wiki ijayo," nikasema. "Mje na karatasi hii. Mtamkuta mzee hapa, mimi nitakuwa nimeomba likizo."

"Tutakukosa," akasema Mama Chausiku, na alikuwa anasema kweli. Akamshika mumewe mkono wenye makovu, wakaipita foleni, wakatoka. Hakugeuka nyuma. Nilimwangalia mpaka mlangoni, na hakugeuka.

Nikamwomba Mzee wa Mihuri anishikie dirisha dakika tano. Hakuniuliza kitu. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia. Nilimlilia msichana ambaye alikufa kabla sijamjua, ambaye nilimwita maiti, na nikamlilia Marjani, ambaye hatazaliwa tena, si kwangu wala kwa mwenzangu. Kisha nikanawa uso nikarudi kitini, kwa kuwa foleni ilikuwa bado ngazini, na karibu kila aliyekuwamo alikuwa amebeba mtoto.